Waliotega mabomu walikiri wenyewe, mahakama ikawakatalia: uzi wa muvi ya In the Name of the Father na kisa cha kweli cha Gerry Conlon na baba yake

#1 Mleta mada

Heshima kwenu wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, anayebanwa na kazi auhifadhi ausome usiku.

Wiki iliyopita nimeirudia hii muvi kwa mara ya nne. Mara zote tatu za nyuma niliiangalia peke yangu au na washikaji, safari hii nilikaa na mama sebuleni nikawa namtafsiria. Kwa nini mama, nitafika huko.

Kwa wasioifahamu: ilitoka mwaka 1993, mwongozaji ni Jim Sheridan wa Ireland. Steringi ni Daniel Day-Lewis, anacheza Gerry Conlon, kijana wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliyebambikiwa kesi ya mabomu Uingereza. Pete Postlethwaite anacheza baba yake, mzee Guiseppe. Iliteuliwa kuwania Oscar 7 na haikupata hata moja. Kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1994 wakaipa Dubu wa Dhahabu, tuzo yao kubwa kuliko zote.

Watu wengi wakiizungumzia wanazungumzia dakika 20 za mwisho: wakili mwanamke anapiga kelele mahakamani, karatasi iliyofichwa inatolewa, steringi anatoka kwa mlango wa mbele. Mimi kinachoninyima usingizi ni kitu ambacho muvi inakigusa kidogo tu na kwa njia ya kubuni. Mwaka 1977, miaka 12 kabla ya hawa watu kutoka, waliotega mabomu kikweli walisema mbele ya mahakama kwamba kazi ile ni yetu sisi, mmefunga watu wasiohusika. Na majaji wakasikia. Wakakataa.

Naanza na usiku wenyewe. Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba 1974, Guildford, mji ulio kusini-magharibi mwa London. Wanajeshi vijana wa kambi za jirani walikuwa wakienda kunywa huko wikendi. Bomu likalipuka kwenye baa ya Horse and Groom, wakafa watu 5 na wengine 65 wakajeruhiwa. Baa ya pili, Seven Stars, ililipuka wateja wakiwa wameshatolewa nje. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Novemba, bomu jingine likalipuka kwenye baa ya King's Arms pale Woolwich, wakafa 2. Tarehe 21 Novemba ikawa zamu ya Birmingham, wakafa 21.

Wakuu, jiwekeni kwenye hiyo nchi. Watu wameenda kunywa bia wamerudishwa kwenye majeneza. Hasira ilikuwa ya haki kabisa, na waliokufa walikuwa watoto wa watu. Bunge likapitisha sheria ya kuzuia ugaidi siku 8 tu baada ya Birmingham. Polisi wakaruhusiwa kumshikilia mtu mpaka siku 7 bila kumfikisha mahakamani. Aliyeipeleka sheria hiyo bungeni ni Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Roy Jenkins. Shikeni hilo jina, litarudi.

Gerry alikamatwa nyumbani kwao Belfast tarehe 30 Novemba, ana miaka 20. Alikuwa kijana wa mtaani wa kawaida, mdokozi, mcheza kamari, mtu wa kuhangaika London bila kazi ya maana. Wenzake kwenye kesi ni Paul Hill, Paddy Armstrong, na binti wa Kiingereza wa miaka 17, Carole Richardson, mpenzi wa Armstrong. Hao ndio wakaja kuitwa Wanne wa Guildford.

Siku chache mikononi mwa polisi wa Surrey, wote wanne walikuwa wamesaini maelezo ya kukiri.

Naendelea chini, nisijaze ukurasa.

#2 Mchangiaji

Mkuu, mimi hapo kwenye kusaini ndipo huwa nakwama. Mtu hujafanya, unasainije? Mimi wanikate kidole, sisaini.

#3 Mleta mada

Mkuu, hata mimi nilikuwa nasema hivyo nikiwa kijana. Angalia ile sehemu ya mahojiano kwenye muvi. Polisi anamnong'oneza Gerry sikioni kwamba atamuua baba yake. Gerry mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomvunja ni vitisho juu ya mama yake na dada yake, kwamba yanaweza kuwapata mabaya kule Belfast na asijue nani kafanya. Juu ya hapo kuna kipigo, baridi, kunyimwa usingizi, na hujui leo ni siku gani.

Mtu wa hivyo haoni jela ya miaka 30 mbele yake. Anaona usiku wa leo. Anajiambia nitasaini haya yaishe, nikifika kwa jaji nitasema ukweli, jaji ataona. Carole alikuwa mtoto wa miaka 17, hana mzazi wala wakili pembeni.

Halafu kukiri kwenyewe hakuishii kwako. Walitaka majina, na Gerry akatoa majina. Akamtaja Annie Maguire, mke wa mjomba wake, mama wa familia anayeishi London na watoto wake, kwamba ndiye aliyewafundisha kutengeneza mabomu. Mwanamke ambaye hana habari yoyote. Hicho ndicho kidonda ambacho Gerry aliishi nacho, na kwenye muvi kinaonekana anapomfokea baba yake ndani ya selo: anajifokea mwenyewe.

Sasa twende kwa mzee.

Guiseppe alikuwa mgonjwa wa mapafu kwa miaka mingi. Aliposikia mwanawe amekamatwa, hakukaa kulia. Akapanda meli usiku kuvuka bahari kwenda Uingereza kumtafutia wakili. Akafikia kwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, huyo huyo mume wa Annie. Amefika tarehe 3 Desemba. Jioni ya siku hiyo hiyo polisi wakavamia nyumba ile wakawazoa wote: Annie, mumewe Patrick, watoto wao Vincent na Patrick mdogo, kaka yake Annie, rafiki wa familia aliyekuja kuacha watoto wake kwa sababu mkewe alikuwa hospitali, na mzee Guiseppe ambaye begi lake hata halijafunguliwa.

Nyumba haikukutwa na baruti hata chembe. Ushahidi ulikuwa kipimo cha maabara cha mikono, na kwa Annie glavu zake za plastiki, kikasema zina masalia ya nitrogliserini. Machi 1976 wakahukumiwa. Annie na mumewe miaka 14 kila mmoja. Guiseppe miaka 12. Vincent, 5. Patrick mdogo, ambaye siku ya kukamatwa alikuwa na miaka 13, alipigwa miaka 4.

Baba kaenda kutafuta wakili, akafungwa. Mimi nimesoma visa vingi vya kuonewa, sijaona kinachonichoma kama hiki.

#4 Mchangiaji

Dah. Endelea mkuu, tupo.

#5 Mleta mada

Turudi nyuma kidogo kwenye kesi ya wale wanne, iliyoisha Oktoba 1975. Hakuna shahidi aliyewatambua kwamba aliwaona Guildford. Hakuna alama ya kidole. Hakuna baruti. Kuna maelezo ya kukiri tu, na maelezo yenyewe yanapingana, huyu anasema lile, yule anasema hili.

Carole alikuwa na utetezi unaoshikika kwa mkono: usiku ule alikuwa London kwenye tamasha la muziki, na kuna picha aliyopigwa pamoja na wanabendi. Upande wa mashtaka ukajibu kwamba inawezekana kutega bomu Guildford na kuendesha gari kwa kasi mpaka kwenye tamasha. Jopo la wazee wa baraza likakubali. Jaji Donaldson akawapa kifungo cha maisha, na akasikitika waziwazi kwamba hawakushtakiwa kwa uhaini, kwa sababu uhaini bado ulikuwa na adhabu ya kunyongwa. Rudieni hiyo sentensi. Kama mashtaka yangeandikwa jinsi jaji alivyotamani, mwaka 1989 kusingekuwa na mtu wa kumfungulia mlango.

Sasa mwaka 1977.

Desemba 1975 polisi wa London walikizingira kikosi cha IRA (kundi lenye silaha lililopigana kuitoa Ireland ya Kaskazini mikononi mwa Uingereza) kwenye fleti moja mtaa wa Balcombe kwa siku 6, wakajisalimisha. Walipofikishwa mahakamani mwanzoni mwa 1977, mmoja wao, Joe O'Connell, alikataa kujibu mashtaka. Sababu yake ni ya ajabu: alisema orodha ya mashtaka ina upungufu, mbona Guildford na Woolwich hazimo, na wakati ni sisi? Mtuhumiwa analalamika hajashtakiwa vya kutosha. Wakatoa maelezo ya kina kwa mawakili wa wale wanne, mambo ambayo mtu ambaye hakuwepo hawezi kuyajua.

Rufaa ikasikilizwa Oktoba 1977 mbele ya majaji watatu, wakiongozwa na Lord Roskill. Na hapa ndipo panaponitoa jasho. Majaji hawakusema wale wa IRA wanaota. Walikubali kwamba huenda kweli walishiriki. Wakasema: basi walishiriki pamoja na hawa wanne, na sasa wanajaribu kuwatoa wenzao kwa ujanja. Ukweli umekuja na miguu yake, umepiga hodi, umejitambulisha, wakaugeuza kuwa ushahidi wa kuongeza watu.

Kwenye muvi hii imefupishwa kuwa mtu mmoja, Joe McAndrew, mfungwa wa IRA anayewaambia Gerry na baba yake jela kwamba aliyetega ni yeye. McAndrew ni mtu wa kubuni. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, muvi ina saa mbili tu. Ila mtazamaji anaondoka akidhani ukweli ulifichwa mafaili tu, mpaka alipotokea mtu wa kuufukua, wakati ulishatamkwa mahakamani kwa sauti.

#6 Mchangiaji

Mimi ni mtu wa sheria, niongeze kidogo. Hapa Tanzania tuna maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, zikitakiwa zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Mtuhumiwa akiyakana mahakamani kwamba alipigwa, jaji anasimamisha kesi kubwa, inafanyika kesi ndogo ndani ya kesi, na ni jamhuri inayotakiwa kuthibitisha kwamba mtu alisema kwa hiari yake. Nimeshuhudia maelezo yakitupwa nje na kesi nzima ikafa, kwa sababu hakukuwa na kingine. Wanaosema mahakama inaachia wahalifu kwa vijisababu vya saa na dakika, wasome kisa hiki. Hizo saa zimewekwa kwa ajili ya mtu kama Carole.

#7 Mleta mada

Asante sana mkuu, hiyo ni nondo. Wenzetu nao walijifunza kwa gharama: sheria yao ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua njia ya mahojiano kurekodiwa kwa kanda, na mtuhumiwa kuwa na haki ya wakili akiwa kituoni. Wanne wa Guildford wakati huo wanatumikia mwaka wa kumi.

#8 Mchangiaji

Mleta mada uzi mzuri, lakini usiipambe sana. Muvi imedanganya pakubwa. Gerry na baba yake hawakuwahi kulala selo moja. Kesi mbili wamezifanya moja. Na yule wakili mwanamke, Gareth Peirce, kwa Uingereza ya wakati ule hakuweza kusimama kuongea vile Mahakama ya Rufani, yeye ni wakili wa kuandaa kesi, aliyekuwa akisimama mbele ya majaji ni wakili wa aina nyingine. Ukisema kisa cha kweli, sema cha kweli.

#9 Mleta mada

Mkuu uko sahihi kwa yote matatu, na sitayatetea yote.

Lile la kesi mbili kuwa moja halinisumbui. La mahakamani linanisumbua sana, kwa sababu linaficha kazi halisi ilivyofanyika. Kiukweli mambo yalikuwa ya polepole. Alastair Logan, wakili wa Armstrong, alishika kesi tangu mwanzo na hakuiachia. Kadinali Basil Hume alijitosa. Majaji wastaafu wawili, Devlin na Scarman, walijitosa. Na Roy Jenkins, yule yule aliyepeleka bungeni sheria ya siku 7, naye akasimama kudai kesi ifunguliwe upya. Sijui wangapi wetu tukiwa na cheo kile tungerudi kuikosoa mikono yetu wenyewe.

Januari 1989 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo akairudisha kesi Mahakama ya Rufani. Maofisa wa polisi kutoka eneo jingine, Avon na Somerset, wakatumwa kupekua mafaili ya Surrey. Wakakuta maandishi ya mahojiano ya Armstrong yaliyopigwa taipu, yamekatwakatwa, yameongezwa maneno kwa kalamu, sentensi zimehamishwa. Ukilinganisha na yale ya mkono ambayo polisi waliapa mahakamani kwamba waliyaandika palepale mtuhumiwa akiongea, ni yale yale baada ya marekebisho. Maana yake walitunga kwanza kwa taipu, wakasahihisha, kisha wakanakili kwa mkono wakayaita maelezo ya papo hapo. Jaji Mkuu Lane alikiri kwamba polisi lazima walidanganya. Tarehe 19 Oktoba 1989 hukumu zikafutwa.

Na ile karatasi iliyofichwa, yenye maelezo ya shahidi Charlie Burke? Kwenye muvi ni mzee asiye na makazi waliyekutana naye bustanini. Burke halisi alikuwa muuza mboga na matunda aliyekaa hosteli moja na Gerry, na maelezo yake ya kumtetea Gerry yalikuwepo, upande wa utetezi haukupewa.

Kuhusu selo moja, hapo tutatofautiana. Ni kweli haikutokea. Lakini niambie ungeonyeshaje kwa njia nyingine kile kilichotokea kweli: kijana aliyemuona baba yake mpole kama mnyonge, akaja kutambua ndani ya jela kwamba yule mpole ndiye jasiri. Guiseppe alitumia miaka yake kuandika barua kwa kila mtu aliyedhani ataisoma. Mapafu yanakwisha, anaandika. Alikufa Januari 1980, bado ni mfungwa, bado ni gaidi kwa mujibu wa makaratasi ya serikali. Kwenye muvi usiku ule wafungwa wanawasha karatasi na kuzidondosha madirishani, giza la jela linajaa vimoto vinavyoelea kushuka chini. Hawasemi kitu. Pale ndipo mama aliniambia nisimamishe kidogo.

#10 Mchangiaji

Na wale polisi walifungwa?

#11 Mleta mada

Hapana. Watatu walishtakiwa kwa kula njama ya kupotosha haki. Mwaka 1993 wakaachiwa huru wote. Ni mwaka uleule muvi ilipotoka.

#12 Mchangiaji

Na yule mama Annie na watoto? Na mzee alisafishwa jina?

#13 Mleta mada

Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu wote 7 wa nyumba ile tarehe 26 Juni 1991, kwa hoja kwamba yale masalia ya kwenye mikono yangeweza kutokana na kugusa kitu kilichochafuka bila wao kujua. Kumbukeni wote, ukimtoa Guiseppe aliyefia kifungoni, walikuwa wameshamaliza vifungo. Patrick mdogo alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Mzee Guiseppe alisafishwa akiwa kaburini zaidi ya miaka kumi na moja. Mwaka 1997 wakaanzisha tume maalumu ya kupitia kesi zenye mashaka, baada ya visa hivi na kile cha Sita wa Birmingham, watu sita waliofungwa kimakosa kwa yale mabomu ya Birmingham.

Februari 2005 Waziri Mkuu Tony Blair akaomba radhi hadharani kwa familia za Conlon na Maguire. Gerry alitumia miaka yake ya mwisho kupigania wengine waliofungwa kimakosa. Alifariki Juni 2014, akiwa na miaka 60. Carole alitangulia mwaka 2012.

Sasa nieleze kwa nini niliiangalia na mama.

Miaka ya nyuma kaka yangu mkubwa alikaa mahabusu miezi 7 kwa kesi ya wizi ambao siku ulipofanyika alikuwa amelala na homa nyumbani kwetu, na sisi wote tupo. Kituo na mji nitavihifadhi. Mwisho mashtaka yaliondolewa, akaambiwa nenda. Hakuna aliyetuambia poleni. Miezi yote 7 mama alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kupika, anapanda daladala mbili na kapu la chakula, anasimama kwenye foleni ya ndugu wa mahabusu, siku nyingine anarudi nacho. Baba alikuwa ameshafariki. Sisi wadogo tulikuwa tunajua kaka anateseka. Mama hatukumfikiria, tulimuona anatoka na anarudi.

Kwenye muvi, Sarah Conlon, mke wa Guiseppe na mama wa Gerry, anaonekana kidogo sana. Mwanamke huyu alikuwa na mume jela, mtoto jela, kaka jela, wifi jela, na watoto wa kaka yake jela, kwa wakati mmoja. Alikuwa akifanya kazi Belfast, na likizo zake alizimalizia kuvuka bahari kwenda kuzunguka magereza ya Uingereza. Aliishi kuusikia ule msamaha wa 2005, akafariki 2008.

Tulipomaliza kuangalia, mama alikaa kimya mpaka majina yakaisha kupita kwenye kioo. Halafu akaniuliza: "Mwanangu, na yule mama aliyebaki nyumbani, miaka yote ile alikuwa anakula na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikazima runinga, nikaenda kumchemshia chai.